Mizani Mia Moja na Themanini

Siku ya kwanza hakunipa fimbo.
Alinipa kiti, akasema: hesabu.
Nihesabu nini, mwalimu?
Kimya, alisema. Fimbo utazikuta wiki ijayo,
hazina miguu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikahesabu
katika chumba cha chini cha shule ya muziki, Łódź,
bomba la maji ya moto likigugumia ukutani:
moja mbili tatu nne,
mbili mbili tatu nne,
tatu mbili tatu nne,
namba ya mbele inatembea,
za nyuma zimesimama palepale kama walinzi.
Nikapotea kwenye arubaini na kitu
kwa sababu alifungua karatasi ya mkate wake
na figili ilinukia.

Umepotea, alisema, mgongo wake kwangu.
Umejuaje?
Umeanza kupumua.

Wacław Pietrzyk, mwana wa mfumaji.
Mama yake alisimama zamu ya usiku
kati ya vitanda vya mfumi mia na ishirini,
mimba ikitikisika ndani ya kishindo kile.
Ndiyo maana, alidai, kelele hazikumtisha kamwe.
Kilichomtisha ni mashine kuzimwa.
Wafumaji wale walisomana midomo;
mama alipokuja kwenye onyesho
alisoma mikono ya mwanawe,
akirudi nyumbani akimsahihisha.

Miaka thelathini na minne, safu ya mwisho,
nyuma ya tromboni, karibu na mlango wa dharura.
Wapiga fidla walikata jasho usiku kucha
kama vibarua wanaolipwa kwa noti.
Yeye, jioni nyingine, alikuwa na noti moja:
pembetatu ya chuma, imening'inia kwa uzi wa mshipi,
mizani mia moja na themanini ya kimya,
kisha

ting.

Mshahara uleule.
Wenzake walimtania, kazi ya kitandani hiyo.
Mpiga fidla akikosea, alituambia,
ana wenzake kumi na watatu wa kumficha.
Mimi nikikosea, hata mama anayetunza makoti anajua.

Na alikosea, mara moja, mbele ya redio:
matoazi, mzani mmoja kabla ya wakati.
Kanda ile aliitunza kabatini,
akatusikilizisha kila mwaka
bila kusema kosa liko wapi.
Ilinichukua miaka miwili kulisikia.
Nilipolisikia niliinamisha kichwa kwa aibu,
naye akacheka, akanipa kipande cha figili.

Alinifundisha kuinamia ngoma ya shaba,
sikio juu ya ngozi ya ndama,
kuivumia noti kwa pua, polepole, hadi ijibu.
Mvua ikinyesha, ngozi hulegea.
Usiigombeze, alisema, kaza.

Ngoma ikilia sana hupasuka, ndivyo isemwavyo.
Ngoma zake zilisalimika.
Lililokwenda ni sikio lake la kushoto, upande wa tromboni,
na hakumwambia kondakta.
Alihamisha kiti nusu hatua tu.

Mimi sikuwa mpigaji. Natengeneza lifti.
Naweka kiganja kwenye kebo
na kungoja itamke inapoumwa.

Jioni yake ya mwisho tulikuja, wa Jumanne wote,
tumetawanyika ukumbini bila kupatana:
Ludmiła wa kung'oa meno, Bożydar mwokaji,
unga bado kwenye nyusi,
mapacha wa Pabianice ambao hawakuwahi kufanya mazoezi.
Fidla zikapanda, zikashuka. Sikuzisikia.
Nilikuwa na vidole gotini,
mia sabini na saba mbili tatu nne,
mia sabini na nane.
Kule nyuma aliinua kijichuma chake
taratibu, kama mtu anayemwinua kifaranga.

Ting.

Watu wakapiga makofi muziki ulipokwisha,
maua, hotuba, saa ya ukutani kutoka manispaa.
Tukamngojea kwenye mlango wa nyuma, baridi inauma.
Akatoka, akatutazama mmoja mmoja
kwa upande wa sikio zima.

Mmepumua mapema, alisema.
Wote.
Jumanne, saa kumi.